Tone la Kukidhi

Fiii... fiii... fiii...

Swedi Kimolo aliusikia mluzi huo akiwa amefumba macho. Katika chumba cha kupulizwa hakuna anayefumbua macho. Upepo hutoka ukutani kwa nguvu ya kumvua mtu kofia, ukamkung'uta vumbi la maua lililonasa kwenye nguo, na mjinga anayechungulia hutoka humo na macho mekundu kama ya mlevi wa siku tatu. Kwa hiyo alisimama mikono juu, akausikiliza mluzi ule kwa sikio la fundi. Valvu, alijiambia. Valvu inavuja, na leo si siku ya valvu kuvuja. Leo ni siku ya kufungua.

Upepo ukakoma. Mluzi haukukoma.

Akafumbua macho. Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa pili, chini, usawa wa benchi. Ilivutwa ndefu, ikakatika, ikavutwa tena. Valvu haipumziki ili imeze mate.

Alifungua mlango. Mdogo wake, Mwajabu, alikuwa amekaa kwenye benchi, viganja juu ya magoti, mabega yamepanda hadi masikioni, anaivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu kuliko kamba yake.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Bado naweza kusema. Siku nikinyamaza... ndipo uogope."

"Kiraka chako kiko wapi?"

Mwajabu alifungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na kiraka chembamba, upana wa kidole gumba, kile ambacho kila mwenye kifua hukibandika kwenye kiwiko usiku na mchana.

"Jana jioni kilikuwa njano. Alfajiri kikageuka chekundu. Nikakibandua kabla ubao haujakisoma."

Ghorofa mbili juu ya vichwa vyao, katika chumba cha kazi cha Swedi juu ya mnara, ubao ulikuwa na taa mia mbili na kumi na mbili, moja kwa kila mwenye kifua katika kata nne. Wengine walikuwa watu wa msimu, wanaougua maua yanapofunguka tu. Wengine watu wa mwaka mzima, ambao hata vumbi la godoro na ukungu wa ukutani huwapigisha chafya Januari hadi Desemba. Mwajabu alikuwa wa yote mawili. Taa zote zikiwa kijani au njano, wenzo wa kufungulia maua ulilegea. Moja ikiwa nyekundu, au ikizimika kwa kukosa ngozi, wenzo ulikaza kama jiwe. Hiyo ndiyo Sheria ya Saba. Iliitwa hivyo kwa ajili ya watu saba waliokufa mwaka wa kwanza mivutamvua, miti ambayo chavua yake huita mvua, ilipochanua juu ya vilima vya Kondoa. Wa tatu katika hao saba alikuwa baba yao.

"Uliacha dawa," Swedi alisema. "Ulipokwenda msibani Singida. Sema kweli."

"Niliisahau chupa. Siku kumi na tisa."

"Na uliporudi?"

Mluzi ukamjibia.

"Mwajabu!"

"Nimezikidhi."

"Umezifanyaje?"

"Nimezikidhi zote, kaka. Tone la siku yenyewe, na manne ya zile nilizokula. Kila asubuhi, siku tano; ya mwisho matatu. Nilitaka nimalize kabla hujafungua. Kama unavyomaliza funga zako... kabla Ramadhani nyingine haijaingia." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mwanafunzi aliyemaliza kazi. "Jana nilimaliza. Nikalala na furaha."

Swedi alikaa sakafuni. Katika Kondoa nzima hakuna mwanamke asiyeijua hesabu ile: siku ulizokula utazilipa, na Mola ni mwingi wa rehema. Lakini mwili si Mola. Mwili haupokei kadha, malipo ya siku zilizopita. Na nani alikuwa amewaambia watu hilo? Ile karatasi ya dawa yeye mwenyewe ndiye aliyeisoma barazani, kwa sauti ya kujidai, mikono nyuma. Iliandikwa usiruke siku. Haikuandikwa ukiruka ufanye nini, naye hakuuliza, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kupigiwa makofi.

Daktari Nyamizi wa zahanati alikuwa akilieleza jambo hili kwa mfano wa mlinzi wa geti. Mwenye mzio, alisema, ana mlinzi mwenye wazimu. Mgeni anakuja na kikapu cha mayai, yeye anapiga filimbi, anavunja milango, anaichoma nyumba nzima ili mgeni asiingie. Chavua haina sumu. Moto ni wa nyumba yenyewe. Matone chini ya ulimi ni kumwonyesha mlinzi huyo ukucha mmoja wa mgeni leo, ukucha uleule kesho, mwezi ujao kidole, na mwaka wa tatu uso mzima, mpaka azoee aseme karibu. Ukimkalisha siku kumi na tisa hajaona kitu, anasahau. Kisha ukimletea wageni watano kwa mpigo, mlango haujabishwa...

"Kaka," Mwajabu alisema. Alikuwa amekinyoosha kile kiraka kwenye kiganja chake. "Kivae wewe."

*

Nje, chini ya kilima, watu walikwisha kuanza kukusanyika. Sauti za wanawake zilipanda pamoja na kishindo cha ngoma:

*Fungua mwana Kimolo, tufungulie mvua,*
*Mashamba yana kilio, yamezidiwa na jua.*

Hazikuwa nyimbo za mapambo. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele wiki ile, na mahindi yenye mbelewele hayajui subira. Unyevu kutoka mashariki ungefika juu ya vilima saa nne asubuhi na kupita kabla ya alasiri. Ukikuta vumbi la maua hewani, kila punje ingeshika maji yake, na kata nne zingelala zikisikiliza mabati yakilia. Usipokuta kitu, ungepita kama msafiri asiyealikwa, na nyuma yake ulikuja upepo mkavu wa wiki tatu. Shamba la mama yao lilikuwa la pili kutoka barabarani.

"Kiraka hakijui ngozi ya nani," Mwajabu alisema. "Waliokitengeneza hawakudhani... kuna mtu ataazima kifua."

"Na wewe utakuwa wapi maua yakifunguka?"

"Humu. Chumba cha kupulizwa. Nina kipulizio. Nina sindano."

"Sindano moja ni robo saa. Maua ni siku tatu. Hesabu mwenyewe."

"Unamkumbuka Jumanne Kova?"

Swedi alimkumbuka. Nani asingemkumbuka? Mwaka juzi taa ya Jumanne ilikuwa nyekundu siku ya kufungua. Unyevu ukapita, mahindi yakakauka yamesimama. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemrushia hata kokoto. Walimpa pole. Akiingia mgahawani walimsogezea kikombe cha chai, wakamkaribisha vizuri, kisha mmoja mmoja wakakumbuka wana kazi. Miezi minne alikunywa chai peke yake katikati ya meza kubwa. Mwezi wa tano akahamia Babati na mkewe akabaki.

"Ile chai siiwezi," Mwajabu alisema. "Bora baba. Baba alikufa watu wakamlilia."

"Funga mdomo wako!"

"Nikiufunga napumulia wapi, bwana mkubwa?"

Swedi alicheka bila kutaka. Alipanda ngazi tatu tatu hadi kwenye redio, akamwita Daktari Nyamizi.

"Swedi! Mbona asubuhi? Kuna mwekundu?"

"Hakuna, Daktari. Nauliza tu. Kama angekuwepo. Tumfungie kwenye chumba cha kupulizwa, vichujio vikifanya kazi siku tatu..."

"Umeanza kusahau masomo? Punje nzima chujio linaikamata, ndiyo. Lakini punje ya mvutamvua ikigusa unyevu inapasuka vipande mia saba. Vipande hivyo vinapita kwenye chujio kama moshi kwenye wavu. Ndivyo walivyokufa wale saba, walikuwa ndani, madirisha yamezibwa. Ubao wako unasema nini?"

Swedi aliutazama ubao. Taa themanini na nane, ya Mwajabu, ilikuwa shimo jeusi katikati ya kijani.

"Unasema sawa," alijibu.

Alikata redio, akabaki ameshika meza. Kijana huyu alikuwa na majibu ya kila kitu. Mtambo ulipokwama aliufungua, watu walipogombana aliwatungia methali wakacheka. Sasa alitafuta jibu kichwani mwake kama mtu anayepapasa mifuko ya suruali ya jana, akakuta pamba tupu. Kumpeleka mbali? Barabara ya Babati ni nusu siku, na wingu la chavua hufika huko kabla ya gari. Kuchelewesha kufungua? Unyevu haumngoji mtu. Kusema kweli? Wangemwokoa Mwajabu, kisha wangempa chai.

Alipogeuka, Mwajabu alikuwa amepanda ngazi zote mbili, akiegemea ukuta, midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Hakusema kitu. Alimshika kaka yake mkono, akamkunjia shati hadi juu ya kiwiko, akakibandika kiraka na kukisugua kwa kidole gumba, kwa upole uleule aliotumia zamani kumtoa miiba.

Taa themanini na nane ikawaka njano. Ikafikiri. Ikawa kijani.

"Umeona?" Mwajabu alinong'ona. "Kifua chako kizuri."

*

Saa nne kasoro dakika kumi, Mzee Suti alipanda mnarani kwa ngazi ya nje. Alikuwa mwenyekiti wa wakulima na pia mjomba wao, ndugu wa tumbo moja na mama yao, mtu mfupi mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwajabu yuko wapi? Mama yako anasema ametoka alfajiri, hata mlenda hakuonja."

"Atakuwa huko chini na wenzake."

Uongo wa pili asubuhi ile, na wa kwanza ulikuwa haujapoa. Mwajabu alikuwa sakafuni katika chumba cha kupulizwa, milango yote miwili ameifunga kwa ndani. Kati ya chumba kile na meza ya Swedi kulikuwa na bomba la kusemea, kifuniko chake kikining'inia kwa mnyororo. Swedi alikuwa amelifunika.

Chini, Mama Hidaya, muuza vitumbua, alipaza sauti iliyozoea kuuza: "Swedi weee! Umesahau kitasa au umesahau mke? Fungua, mwanangu, nitakuozea Hidaya!"

"Hidaya mwenyewe kakataa!" mwingine akajibu, na kilima kizima kikaangua kicheko.

Mzee Suti alitabasamu. Kisha akaunyoosha uso, akatoa karatasi mfukoni, akasimama mbele ya bomba kubwa la matangazo. Watu wakanyamaza. Kabla ya kila kufungua, mwenyekiti huyasoma majina ya wale saba, na mfungua maua, mkono wake juu ya wenzo, hujibu kila jina kwa neno moja: *Hatutarudia*. Ndipo wenzo uvutwe. Wenzo ukivutwa, mnara hutoa harufu ya kuita. Mti wa kwanza ukiisikia hufungua maua yake na kuupasha habari wa pili, na wa pili wa tatu, mpaka vilima vyote vimevaa njano. Hakuna harufu ya kurudisha. Harusi hii ikishaalikwa, imealikwa.

Swedi aliweka mkono juu ya wenzo. Ulikuwa umelegea, laini, tayari. Mia mbili na kumi na mbili, kijani na njano.

"Mariamu Idi," Mzee Suti alisoma.

"Hatutarudia."

"Hamisi Loya."

"Hatutarudia."

Kifuniko cha bomba la kusemea hakikuwa kimekaa sawa. Swedi alikuwa amekifunga kwa haraka, na sasa mnyororo ulikivuta, kikateleza kidogo, ukabaki ufa mwembamba kama ukucha.

*Fiii.*

"Kimolo Swedi," Mzee Suti alisoma, na sauti yake ikapungua kidogo, kama ilivyopungua kila mwaka kwenye jina la shemeji yake.

*Fiii... fi... fiii...*

Hewa iliyovutwa vile Swedi aliwahi kuisikia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, madirisha yamezibwa kwa matambara, baba yake amekaa mikono juu ya magoti kama anayesubiri kuitwa. Wakati ule hawakujua wafanye nini. Leo alijua kila kitu, jina la ugonjwa, ukubwa wa punje, idadi ya vipande, na kujua kwake hakukumsaidia hata kidogo.

"Kimolo Swedi," mjomba alirudia. Akageuka kumtazama.

Chini, watu walingoja neno moja. Juu ya vilima, vichipukizi vilingoja harufu moja.

Swedi alifungua mdomo. Kila akilitafuta lile neno, mluzi ulipita mbele yake.

Akauondoa mkono kwenye wenzo, akakunja shati, akabandua kiraka. Kilitoka na vinyweleo vyake. Taa themanini na nane ikazimika, na ndani ya ukuta kitu kizito kikajifunga, *tak*. Mzee Suti alisikia. Alikichukua kiraka, akakigeuza, akasoma jina lililochapwa mgongoni kwa herufi ndogo. Alilisoma muda mrefu, kuliko urefu wa jina lenyewe.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Swedi alikuwa ameshafika nusu ya ngazi.

*

Alimkuta bado anasema. Hilo ndilo alilomshukuru Mungu kwalo baadaye: alipouvunja mlango kwa bega, Mwajabu aliweza kusema neno moja, nalo lilikuwa "Mjinga." Swedi alimchoma sindano pajani juu ya nguo, akamwekea kipulizio mdomoni, akahesabu pumzi zake kwa sauti. Alipokimbia juu kumwita redioni, Daktari Nyamizi alimtukana kwa Kinyamwezi chote alichokuwa nacho, kisha akawasha pikipiki. Alifika baada ya saa moja na nusu akiwa na mtungi wa hewa na sindano nyingine mbili. Saa saba mluzi ulishuka ukawa mkwaruzo, mkwaruzo ukawa kikohozi.

Muda wote huo unyevu ulikuwa ukipita.

Waliuona wakiwa mlangoni. Hewa ilipoa ghafla, ikanukia udongo uliokaribia kulowa. Wingu jembamba, jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, lilipita juu ya makorongo, juu ya mivutamvua iliyofumba maua yake kama watoto waliokatazwa kula, juu ya shamba la pili kutoka barabarani. Halikudondosha kitu. Likaenda magharibi.

Ngoma zilikwisha kunyamaza tangu Mzee Suti alipotangaza. Alitangaza kwa maneno machache, akataja jina kwa kuwa sheria inataka litajwe. Hakutaja kiraka kilikutwa kwenye mkono wa nani. Alikitia mfukoni mwa kanzu, akashuka, akampita Swedi kama anavyopita mtu kando ya nguzo.

Mama Hidaya peke yake ndiye aliyepanda kilima. Alikuja na beseni lake la vitumbua, akakaa ukingoni mwa benchi, akamshika Mwajabu bega.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Afya kwanza, mengine yatakuja."

"Ahsante, mama."

"Kula kimoja. Bado vya moto."

Mwajabu alikipokea kwa mikono miwili. Mama Hidaya aliangalia mlango, akaangalia mawingu, akajipangusa unga usiokuwepo kwenye khanga.

"Basi ngoja niwahi," alisema. "Nina kazi."

Walimsikiliza akishuka, kandambili zake zikipiga changarawe, mpaka hazikusikika tena. Mwajabu aliendelea kukishika kile kitumbua. Hakukila.

"Umeona?" alisema. "Imeanza."

"Nimeona."

"Nilikuomba kitu kimoja tu. Tangu tuzaliwe sijakuomba kitu. Wewe ukanivua hadharani." Machozi yalimtoka lakini hakulia. Hakuwa na hewa ya kulilia. "Mama atavuna nini? Niambie, fundi. Wewe mwenye maneno. Mama atavuna nini mwaka huu?"

Swedi alifikiria kusema kwamba atasimama barazani aseme kiraka kilikuwa mkononi mwake, nao wamchukie yeye badala ya Mwajabu. Lakini aliwajua watu wake: chuki yao haigawiki, hupikwa sufuria kubwa ikawatosha wote. Alifikiria kusema mvua itakuja. Haingekuja.

Daktari Nyamizi alikuwa akifunga mkoba. Alitoa chupa mbili, akaziweka kwenye benchi kati yao. Moja ilikuwa na kifuniko cha bluu, ile ya Mwajabu ya mwaka wa tatu, nusu tupu. Nyingine kifuniko cheupe, ya mwaka wa kwanza, mpya, haijakatwa utepe.

"Ile ya bluu naondoka nayo," alisema. "Akitulia kabisa, labda baada ya mwezi, nitakuja mwenyewe, aanze hii mbele yangu. Tone moja. Si mawili. Siku ikipita imepita, hailipwi. Na miaka miwili aliyokwisha kunywa, Swedi, ihesabu kuwa maji yaliyomwagika."

Akaenda.

Mwajabu aliitazama chupa nyeupe kama mtu anayetazama kilima alichokipanda jana, leo amejikuta tena chini yake.

"Siwezi," alisema. "Kaka, siwezi kuanza tena. Miaka mitatu katikati ya watu hawa. Nitasahau. Au nitaacha kusudi."

Swedi alikichukua kitumbua mkononi mwa Mwajabu, akakigawa nusu, akala nusu yake kikiwa kimeshapoa. Kisha akashuka akachuchumaa mbele ya benchi, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutafuta neno zuri.

"Sikiliza. Mnara watanitoa, kwa hiyo asubuhi zangu zote zitakuwa tupu. Nitakuja kwako kila siku baada ya alfajiri, mvua isinyeshe, watu wasinisalimie, na wewe hata ukinifungia mlango. Nitakaa kizingitini mpaka ufungue. Nitakuwekea tone moja chini ya ulimi kwa mkono wangu, nitahesabu mpaka mia na ishirini, kisha nitakunywa chai na wewe, meza moja, na sitakumbuka nina kazi. Siku elfu moja na tisini na tano, Mwajabu. Hakuna hata moja nitakayoikidhi. Naahidi."